UZI: Kinywaji cha moto cha tufaha na viungo kwa mikusanyiko ya sikukuu (vipimo, muda, na kinachokiharibu)

#1 chujio_safi (mwanzisha uzi)

Wakuu, sikukuu zikikaribia maswali ya kinywaji hiki huja vipande vipande: huyu anauliza karafuu, yule anauliza juisi ya boksi, mwingine kimemharibikia na wageni wako mlangoni. Tuyaweke yote hapa. Naanza na lita 2, ambazo ni vikombe 9 au 10 vya mililita 200. Wadau ongezeni na sahihisheni.

Kabla ya vipimo: hiki hakipikwi kama supu. Viungo vinalowekwa kwenye juisi ya moto kwa muda unaojulikana, halafu vinatolewa. Malalamiko mengi ya "kimekuwa kichungu", "kinanuka kama dawa ya jino" au "kinateleza mdomoni" yanatokana na moto mkali, au na viungo vilivyoachwa sufuriani mpaka mgeni wa mwisho anaaga.

Vipimo vya lita 2:
- juisi ya tufaha isiyoongezwa sukari, lita 2
- mdalasini, vijiti 2 vya urefu wa kidole (sentimita 8 hivi)
- karafuu 8 nzima
- iliki 5, zibonyezwe mpaka zipasuke, zisitwangwe
- tangawizi mbichi gramu 20, ikatwe slesi nyembamba, maganda si tatizo ikiwa imeoshwa
- ganda la chungwa 1, rangi ya juu tu bila ule weupe
- limau, kijiko kikubwa 1 cha maji yake, mwishoni
- chumvi, ile inayoshikwa na vidole viwili

Weka mdalasini na iliki kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, dakika 1 hadi 2 mpaka harufu ipande. Karafuu usizikaange, zinaungua haraka na uchungu wake hautoki tena. Zichomeke kwenye ganda la chungwa kama pini. Hiyo si mapambo: ni ili uweze kuzitoa zote kwa mkupuo mmoja bila kuzivua moja moja kwa upawa.

Mimina juisi, tia tangawizi na ganda lenye karafuu. Pasha mpaka uone vipovu vidogo vikijipanga ukingoni na mvuke ukipanda, lakini katikati kumetulia. Hapo ni nyuzi 80 hadi 85. Punguza moto, funika. Dakika ya 15 toa ganda na karafuu zake. Dakika ya 30 chuja vilivyobaki. Tia chumvi na limau, onja, ndipo uamue kama sukari inahitajika. Mara nyingi haihitajiki, kwa sababu juisi ya tufaha yenyewe ina sukari kama gramu 100 hadi 120 kwa lita.

---

#2 moto_mdogo

Nakazia, na naongeza kitu ambacho mkuu hapo juu amekipita: sufuria. Juisi ya tufaha ina asidi, pH yake ni kati ya 3.3 na 4. Ukiiweka nusu saa kwenye sufuria ya alumini isiyopakwa kitu, inaila alumini yenyewe na unapata ladha ya sarafu mdomoni. Chuma tupu na shaba tupu ni vivyo hivyo, chuma kinaongeza na weusi. Tumia stenlesi, au enameli ambayo haijachubuka. Ukiwa na alumini peke yake, pasha tu humo haraka, kisha hamishia kwenye chombo cha kioo kinachohimili moto au chupa ya chai ndipo uloweke viungo.

Chungu cha udongo kisichong'arishwa kinafaa, ila kikishanyonya karafuu kitakuwa cha kinywaji hiki maisha yake yote.

---

#3 Bi_Zafarani

Swali. Juisi ya kung'aa na ile yenye ukungu, ipi inafaa? Na hizi zilizoandikwa "kinywaji cha tufaha" zinaweza?

---

#4 chujio_safi

Yenye ukungu, dada, ukiipata. Ule ukungu ni chembe za tufaha na pektini, ndizo zinazokipa kinywaji mwili. Viungo vikiingia kwenye juisi iliyochujwa mpaka ikang'aa vinasikika peke yao, kama vimesimama juu ya maji. Ukiwa nayo ya kung'aa tu, kuna njia ya kuisaidia: chukua lita 1 ya ziada, ichemshe bila kifuniko kwenye sufuria pana mpaka ibaki mililita 250, halafu irudishe kwenye lita 2 zako. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya kazi hii ambapo kuchemsha kwa nguvu kunaruhusiwa, kwa sababu harufu nyepesi utaipata kwenye zile lita 2 ambazo hazikuchemka.

Zile za "kinywaji cha tufaha" soma lebo. Kama maji na sukari vimetangulia kabla ya juisi, utaishia na sharubati ya moto. Ukilazimika, usiongeze sukari hata chembe, na limau lifike vijiko vikubwa 2 au 3 kwa lita 2.

---

#5 tufaha_bichi

Kwa wanaoanza na matufaha yenyewe, njia ni mbili, na zinatoa vinywaji viwili tofauti.

Ya kwanza ni kukamua kwa mashine. Kilo 1 inatoa kama mililita 500 hadi 650 kutegemea mashine na tufaha lenyewe. Juisi hiyo inageuka kahawia ndani ya dakika chache, kwa sababu kimeng'enya cha tufaha kinakutana na hewa. Weka maji ya limau kwenye jagi linalopokea juisi, si baada ya kumaliza, na uipeleke motoni mara moja, maana joto linakizima kimeng'enya hicho. Povu litakalopanda liengue kwa upawa, lina uchungu wa maganda. Jambo la usalama: juisi mbichi iliyokamuliwa lazima ifike angalau nyuzi 71. Tufaha lililoanguka chini linaweza kubeba bakteria hatari aitwaye E. coli O157:H7, na asidi ya juisi peke yake haitoshi kuiua. Ukifuata nyuzi 80 za bandiko la kwanza umeshapita hapo.

Ya pili ni kuchemsha matufaha na maji. Hii haihitaji mashine. Kilo 2 za matufaha, yaoshwe, yakatwe robo, maganda yabaki, na maji lita 3. Moto mdogo, kifuniko nusu, saa 1 na nusu. Yaponde kwa mwiko, endelea nusu saa nyingine, kisha chuja kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Unapata lita 2 na nusu hivi. Hapa sukari inahitajika kwa sababu kuna maji: anza na gramu 60, onja, usizidi 100 bila sababu. Viungo viingie baada ya kuchuja. Watu wengi wanaviweka tangu mwanzo pamoja na matufaha, halafu wanashangaa karafuu zilizokaa motoni saa 2 zimefanya nini.

Usisage matufaha yenye mbegu kwenye blenda. Mbegu nzima kwenye maji moto hazina shida, lakini zikisagwa zinatoa uchungu, na ndani yake mna amigidalini, kitu kinachozalisha sayanidi. Kiasi ni kidogo, lakini kutoa kikonyo na mbegu ni kazi ya sekunde.

Aina: changanya. Sehemu 2 za matufaha matamu kama Gala au Fuji, sehemu 1 ya yale makali kama Granny Smith. Ukitumia matamu peke yake kinywaji kinakuwa bapa, limau kidogo halilifuti hilo. Yaliyolegea na kuwa kama unga ndani yanatoa maji machache, ila kwa njia ya kuchemsha hayadhuru.

---

#6 Bi_Zafarani

Asante sana. Nina mdalasini wa unga tu nyumbani. Na karafuu za unga pia.

---

#7 moto_mdogo

Karafuu za unga achana nazo kabisa. Haziwezi kutolewa, zinazama chini ya kikombe na mnywaji wa mwisho anakunywa matope. Afadhali kinywaji kisicho na karafuu.

Mdalasini wa unga unawezekana, ila uelewe tabia yake. Kwanza hauloani upesi, unaelea kama vumbi na kufanya madonge. Pili, ukikaa kwenye maji ya moto unavimba na kutoa ute, ndiyo sababu kikombe cha chini ya sufuria kinateleza kama bamia. Nusu kijiko cha chai kwa lita 2, uchanganye kwanza na kijiko kikubwa cha sukari ili chembe zitengane, utie dakika 5 za mwisho, na uchuje kwa kitambaa, chujio la chai halitoshi.

Hata vijiti si vya aina moja. Mdalasini wa Sri Lanka ni tabaka nyingi nyembamba zilizokunjwa pamoja, unauvunja kwa vidole, harufu yake ni laini. Ule mwingine, kasia, ni ganda moja nene gumu lililojikunja, ladha yake ni kali na tamu zaidi, na unatoa ute mwingi. Kwa kinywaji hiki kasia hata ndiyo inayosikika vizuri mbele ya tufaha, mradi isizidi nusu saa. Ule laini unaweza kukaa dakika 40 bila ugomvi.

---

#8 upawa_mrefu

Mimi nina hoja na bandiko la kwanza. Kuloweka viungo kwenye lita 2 zote ni kuzipasha zote nusu saa bila sababu. Loweka kwenye mililita 500 tu, dakika 20, funika sana. Chuja. Mimina lita 1 na nusu iliyobaki ikiwa baridi, pasha pamoja mpaka nyuzi 75, umemaliza. Robo tatu ya juisi haijakaa motoni hata dakika 10, na ule uchangamfu wa tufaha unabaki. Ukiloweka lita 2 zote nusu saa, unakuwa na harufu ya tufaha lililookwa.

---

#9 chujio_safi

Hoja nzuri, mkuu, na kwa juisi ya kung'aa nakubali moja kwa moja. Kwa yenye ukungu, baadhi yetu harufu ya tufaha lililookwa ndiyo tunayoitafuta. Basi iwe hivi: ukitaka kinywaji changamfu fuata #8, ukitaka kizito na cha kahawia fuata #1. Kwenye #8 vipimo vya viungo vibaki vilevile, msivipunguze kwa kuona juisi ni nusu lita. Na tahadhari moja: kama juisi ni mbichi ya kukamua mwenyewe, ile lita 1 na nusu lazima ifike 71 kwa hakika, kwa hiyo kipimajoto, si macho.

---

#10 koki_moto

Wageni 30. Nizidishe kila kitu mara 5?

---

#11 upawa_mrefu

Kwanza kiasi: watu 30, kikombe kimoja na nusu kila mmoja, mililita 200 kwa kikombe, ni lita 9. Andaa 10, kwa sababu kuna inayonyonywa na kitambaa na inayomwagika.

Juisi, mdalasini na iliki zidisha mara 5. Karafuu usizidishe mara 5. Badala ya 40 weka 28, zisizidi 30. Tangawizi gramu 80 badala ya 100. Maganda ya chungwa 4.

Sababu ni muda. Lita 10 kwenye jiko la kawaida zinachukua nusu saa au zaidi kufika nyuzi 80, na zikifika hazipoi haraka hata ukizima moto. Kwa hiyo viungo vinafanya kazi wakati wa kupanda, wakati wa kuloweka, na wakati wa kushuka. Kwenye sufuria ndogo hivyo vipindi viwili vya pembeni ni vifupi, unaweza kuvisahau.

---

#12 moto_mdogo

Au pasha juisi kwanza tupu, viungo viingie ikishafika 75. Vyote ndani ya kitambaa kimoja kilichofungwa kwa uzi mrefu, mwisho wa uzi ufungwe kwenye mkono wa sufuria. Saa ikifika unavuta. Karafuu ziwe na kifuko chake kidogo pembeni. Kitambaa kisifungwe kwa kubana, viungo vinahitaji nafasi ya maji kupita, tangawizi iliyobanwa katikati inatoka kama ilivyoingia.

Hata kwa njia hii karafuu zibaki 28 hadi 30, hapo nakubaliana na upawa_mrefu.

---

#13 koki_moto

Nimeelewa. Nitaweka kwenye mtungi wa umeme wenye koki ili watu wajihudumie. Je, niache vijiti vya mdalasini ndani kwa ajili ya macho?

---

#14 chujio_safi

Hapana. Ndani ya mtungi hakuna anayeviona, na vitaziba koki. Kinywaji kiingie kimechujwa mara mbili. Mtungi uwe nyuzi 65 hadi 70, usishuke chini ya 60 kama kitakaa saa kadhaa, maana chini ya hapo bakteria wanapata nafasi. Mitungi mingi ya maji ya moto ina joto la chini lililo kali mno, na sukari ya juisi inaganda kwenye sahani ya chini na kuungua. Korogeni kila nusu saa, na mtungi usiachwe ukafika robo ya mwisho huku umeme unawaka.

Mapambo yawe kwenye kikombe: slesi nyembamba ya tufaha, au kijiti kimoja cha mdalasini. Slesi za chungwa zikiwa zinaelea kwenye chombo cha moto kwa zaidi ya nusu saa, ule weupe wake unatoa uchungu unaofanana sana na uchungu wa karafuu, halafu mpishi anailaumu karafuu bure.

Ukitumia chupa za chai badala ya mtungi: jaza maji yanayochemka, funga dakika 5, mwaga, ndipo umimine kinywaji kikiwa 80 hadi 85. Bila hivyo chupa yenyewe inakula nyuzi kadhaa. Ijaze mpaka juu, hewa ndani inakipoza. Na mpira wa kizibo unashika harufu ya karafuu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo chupa ya maziwa isitumike hapa.

---

#15 mgeni_jikoni

Naweza kuweka maziwa kama chai ya viungo?

---

#16 tufaha_bichi

Yatakatika. Protini ya maziwa inagandamana pH ikishuka karibu na 4.6, na tufaha liko chini ya hapo. Joto linaharakisha. Utaona punje nyeupe ndani ya sekunde chache, na hakuna wa kuzirudisha.

Kama unachotafuta ni ule uzito wa chai, tumia majani ya chai yenyewe: vijiko vya chai 2 vya majani meusi kwa lita 2, yaingie ukishazima moto, dakika 3, chuja. Ukakasi wake unakata utamu wa tufaha vizuri kuliko limau. Ukizidisha dakika 5 ukakasi unashika ulimi.

---

#17 Bi_Zafarani

Nimefika dakika ya 40 kabla sijatoa karafuu. Kichungu na ulimi unakufa ganzi. Niongeze sukari?

---

#18 moto_mdogo

Sukari usiongeze, dada. Ganzi ni yujeno, mafuta ya karafuu, na utamu hauyaondoi, utapata kichungu chenye sukari. Toa viungo vyote sasa hivi. Ongeza juisi safi lita 1 kwa kila lita 2 ulizonazo, chumvi kidogo tena (inapunguza uchungu kuliko watu wanavyodhani), na maji ya nusu chungwa. Onja kikiwa cha moto wa kunywa, si kikiwa kinatoka jikoni, kwa sababu kikiwa cha moto sana kinaficha ladha.

Matatizo mengine kwa haraka. Kimezidi utamu: maji na limau kwa pamoja, mililita 200 za maji na kijiko kikubwa 1 cha limau kwa lita 2, maji peke yake yanakifanya chepesi lakini utamu unabaki unanata. Kimekuwa chepesi: ile juisi iliyopunguzwa ya #4. Viungo havisikiki: usirudishe viungo kwenye sufuria nzima, chota nusu lita, loweka humo dakika 10, rudisha kidogo kidogo. Kina harufu ya kuungua: hakitibiki, mimina cha juu kwenye chombo kingine bila kukwaruza chini, uonje kama kinanyweka.

---

#19 mgeni_jikoni

Asali badala ya sukari? Na kungumanga?

---

#20 tufaha_bichi

Asali ndiyo, vijiko vikubwa 2 kwa lita 2, lakini mwishoni kabisa, moto ukiwa umezimwa, la sivyo harufu yake inaondoka na unabaki na utamu tu. Mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe chenye asali hata kama kimechemka, vijidudu vya botulini havifi kwa joto la jikoni. Weka chake pembeni kabla.

Kungumanga: ikwaruzwe papo hapo kwa greta ndogo juu ya kikombe, mara 3 au 4, basi. Kwenye sufuria inazama na kuwa mchanga.

Anayetaka kileo atie kikombeni mwake, sufuria ibaki ya kila mtu.

---

#21 koki_moto

Swali la mwisho. Naweza kukitengeneza siku moja kabla?

---

#22 upawa_mrefu

Unaweza, na kwa lita 10 ni busara. Kichujwe kabisa, punje moja ya karafuu ikibaki itafanya kazi usiku kucha. Kipoze haraka: kigawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, au ukalishe sufuria kwenye beseni la maji ya baridi na barafu huku ukikoroga, kiingie friji ndani ya saa 2. Lita 10 zikiwekwa za moto kwenye friji kwa sufuria moja, katikati itabaki vuguvugu mpaka asubuhi, na vyakula vya jirani vitapata joto.

Kwenye friji nyuzi 4 kinakaa siku 3 hadi 4. Friza miezi kadhaa, acha nafasi ya sehemu moja ya kumi kwenye chombo kwa sababu kikiganda kinavimba. Ukungu ukizama chini si kuharibika, tikisa. Kikitoa povu chenyewe au harufu ya chachu, mwaga.

Limau usitie siku ya kwanza. Kesho yake pasha mpaka 75, bila kuchemsha, ndipo limau na kipande kipya cha ganda la chungwa kwa dakika 5.

---

#23 koki_moto

Ganda hilo jipya na lenyewe lichomekwe karafuu?

---

#24 upawa_mrefu

Tupu.